Kufundisha Insha Bila Ubao

Karibu kila anayeingia chuo kikuu nchini Marekani, awe anakwenda kusomea uhandisi, uuguzi au uhasibu, hupitia kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza. Kozi hiyo si ya fasihi, na sarufi haichukui nafasi kubwa kama wengi wanavyodhani. Mwanafunzi hufundishwa kuandika insha ya kitaaluma: kusoma maandishi ya wengine na kuyaelewa, kujenga hoja, kuitetea kwa ushahidi, kuwanukuu wenye mawazo yao ipasavyo, kisha kuirudia kazi mara mbili au tatu hadi isomeke. Siku hizi kozi hiyo hufundishwa mtandaoni katika vyuo vingi, na wapo wanaomaliza muhula mzima bila kuonana na mwalimu wao hata mara moja.

Kozi yenyewe ni kongwe. Mwaka 1874 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwapima waombaji wake kwa mtihani wa kuandika Kiingereza, na matokeo yakawashtua wakuu wa chuo: vijana waliotoka shule za watu wenye nafasi zao walishindwa kuandika ukurasa mmoja ulionyooka. Kufikia 1885 chuo kilikuwa na kozi ya lazima kwa wanafunzi wapya, na vyuo vingine vikaiga. Kilio cha walimu kilianza hapo hapo: insha ni nyingi, macho ya kuzisoma ni machache. Barrett Wendell, mmoja wa walimu wa Harvard wa enzi hizo, aliwaandikisha wanafunzi wake karatasi fupi kila siku, na kila karatasi ilimsubiri mtu wa kuisoma. Kilio hicho kiliingia mtandaoni pamoja na kozi yenyewe.

Ni rahisi kudhani kwamba darasa la uandishi la mtandaoni lilibuniwa ili kuwafikia walio mbali. Lakini mmoja wa mizizi yake hauna uhusiano na umbali kabisa. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington, mwalimu Trent Batson aliunganisha kompyuta za chumba kimoja ili wanafunzi waandikiane papo kwa papo. Wanafunzi wake walikuwa mahodari wa lugha ya alama, lakini Kiingereza walikutana nacho zaidi vitabuni na kwenye mitihani. Hawakuwa na mahali pa kukitumia kutaniana, kubishana au kumkatiza mtu maneno. Kwenye mtandao ule mdogo, alichoandika mmoja kilionekana mara moja kwenye skrini za wenzake, naye alijibiwa kabla hajaondoa vidole kwenye kibodi. Kwa mara ya kwanza wengi wao waliandika Kiingereza kwa mtu aliyekuwa akingoja kusikia wanachosema.

Wazo hilo lilisambaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, kundi la wanafunzi wa shahada za juu lilitengeneza programu ya aina hiyo iliyoitwa Daedalus. Walioitumia darasani waligundua kwamba wanafunzi waliokuwa wakikaa kimya muhula mzima ghafla walikuwa na la kusema, na kwamba mwalimu, aliyezoea kuongea robo tatu ya kipindi, alibaki sauti moja kati ya nyingi. Lester Faigley, aliyefundisha hapo, alilieleza jambo hili bila kulipaka rangi katika kitabu chake cha mwaka 1992. Alionyesha jinsi mjadala ulivyochangamka, na pia jinsi ulivyoweza kumponyoka mwalimu na kuishia kwenye kejeli na maneno ya kuudhi. Anayesimamia kundi la WhatsApp leo hahitaji kuelezwa zaidi.

Kutoka hapo hadi darasa la leo, ambalo huendeshwa kwa mifumo kama Moodle, Canvas au Blackboard, kilichobaki vilevile ni kwamba kila kitu hupitia maandishi. Salamu ni maandishi, maelekezo ni maandishi, swali la aliyekwama ni maandishi, na jibu lake pia. Scott Warnock wa Chuo Kikuu cha Drexel, aliyetoa mwaka 2009 kitabu kinachosomwa sana na walimu wa kozi hizi, aliigeuza hali hiyo kuwa hoja ya kuitetea kozi ya mtandaoni. Ukijumlisha kila ujumbe anaoandika mwanafunzi wa mtandaoni kwa muhula, utakuta ameandika kuliko yule wa darasani, ambaye sehemu kubwa ya wiki yake ni kusikiliza. Hoja ni ya kweli, mradi maandishi hayo yawe na msomaji. Mahali ambapo wanafunzi wanaandika na hakuna anayejibu, wingi wa maneno haumfundishi mtu kitu.

Gharama ya kwanza inamwangukia mwalimu katika maelekezo. Akisema darasani, “Nataka insha ya maneno 1,200 kuhusu usafiri wa mjini,” mikono mitatu itanyanyuka, atafafanua, na baada ya dakika mbili watu wameelewana. Sentensi hiyo hiyo ikiwekwa kwenye ukurasa wa kozi haipati mtu wa kuiuliza. Wiki inapita, na kazi zinazoletwa ni za kila namna: mmoja ameandika historia ya reli, mwingine amelalamikia nauli, wa tatu amenakili takwimu kutoka mahali asipopataja. Mwalimu mzoefu huandika maelekezo kwa namna nyingine. Hueleza insha inaandikwa kwa ajili ya msomaji gani na ijibu swali lipi, nini kitahesabika kuwa ushahidi, kipi kiletwe Alhamisi na kipi Jumapili. Huambatanisha pia insha ya mwanafunzi wa miaka iliyopita, aliyetoa ruhusa, ikiwa na maelezo pembeni ya mahali ilipofaulu na ilipoyumba. Ukurasa huo mmoja unaweza kumla mwalimu saa nzima, lakini ukikaa vizuri hutumika miaka.

Jukwaa la majadiliano nalo hufa au huishi kutokana na swali linalowekwa. Ukiuliza, “Mna maoni gani kuhusu makala hii?” utapata majibu mfululizo ya “Nakubaliana na mwenzangu, makala ni nzuri sana.” Lawama hapa si ya wanafunzi, wamejibu kwa uzito uleule wa swali. Sasa mwalimu aandike hivi: “Chagua sentensi moja ya mwandishi ambayo hukubaliani nayo. Kwanza ieleze kwa haki, kama yeye mwenyewe angeieleza. Kisha onyesha inapovuja.” Mwanafunzi hapo analazimika kusoma, kuchagua, kumtendea haki mpinzani na kujenga hoja, kazi zilezile ambazo insha kubwa itamdai mwezi ujao. Wengine huongeza sharti dogo lenye faida kubwa: kila mmoja amjibu mwenzake ambaye bado hajajibiwa na mtu. Hapo wanaochelewa kuandika hawaachwi wakiongea peke yao.

Moyo wa kozi ni rasimu. Mwaka 1972 Donald Murray, mwandishi wa habari aliyegeuka mwalimu, aliwataka walimu wa uandishi wafundishe namna kazi inavyotengenezwa badala ya kuhukumu kilichokwisha kutengenezwa. Mtazamo huo ulienea kiasi kwamba leo kozi ya uandishi isiyo na rasimu inaonekana kama kasoro. Hapa mtandao unamsaidia mwalimu kwa njia ambayo karatasi haikuweza. Mwanafunzi akiandikia kwenye Google Docs, programu hutunza historia ya kila badiliko. Mwalimu anaweza kuona kwamba aya ya tatu ilizaliwa ikiwa ya kwanza, kwamba mfano wa pili ulifutwa na kurudishwa, kwamba hoja kuu ilipatikana usiku wa mwisho. Anaweza pia kuona kwamba “rasimu ya pili” ni ya kwanza iliyobadilishwa koma nne.

Kusahihisha rasimu ndiko kunakomtenganisha mwalimu wa uandishi na msahihishaji wa makosa. Nancy Sommers, katika makala ya mwaka 1982 inayorejewa hadi leo, alichunguza maoni ambayo walimu walikuwa wakiyaandika kwenye insha za wanafunzi wao. Alikuta maoni yanayopingana. Pembeni mwa aya mwalimu anamtaka mwanafunzi anyooshe sentensi, na chini ya aya hiyo hiyo anamwambia wazo lote halijakomaa. Mwanafunzi afanye lipi? Akinyoosha sentensi za wazo atakalolitupa, amepoteza jioni yake. Sommers alikuta pia kwamba maelezo mengi yalikuwa ya jumla mno, yanayoweza kubandikwa kwenye insha yoyote, na kwamba programu ya kompyuta ya wakati ule, aliyoilinganisha na walimu, ilikuwa na lugha tulivu kuliko yao.

Mfano wa kubuni utaonyesha tofauti. Mwanafunzi ameandika: “Mitandao ya kijamii ina faida na hasara nyingi kwa vijana. Ndiyo maana serikali inapaswa kuchukua hatua.” Mwalimu mmoja anaandika pembeni, “Fafanua,” na kupigia mstari “hatua.” Mwingine anaandika: “Sentensi ya kwanza inasema kuna faida na hasara. Ya pili inaita serikali. Katikati kuna jambo ulilolifikiria ambalo hukuliandika: ni hasara ipi iliyo kubwa kiasi cha kuhitaji serikali, wakati wazazi na walimu wapo? Chagua moja, itolee mfano mmoja unaoujua vizuri, kisha turudi kwenye neno ‘hatua’.” Mwalimu wa pili hakugusa nukta wala koma. Amesoma kama msomaji aliyepotea njia na kueleza ni wapi hasa alipopotelea, na mwanafunzi anajua kesho aanze na nini.

Sauti ya maandishi huhitaji uangalifu zaidi mtandaoni, kwa kuwa hakuna tabasamu la kulainisha maneno. “Mbona hukusoma maelekezo?” ikisemwa darasani inaweza kuchekesha, ikisomwa peke yako saa tano usiku inauma. Ndiyo maana walimu wengi hurekodi maoni yao kwa sauti, dakika nne au tano kwa kila insha, wakiongea huku wakiipitia kazi. Mwanafunzi husikia kwamba mtu ameisoma kwa nia njema, na mwalimu husema kwa dakika tano mambo ambayo kuyaandika kungemchukua muda mrefu zaidi.

Wanafunzi pia husomana. Kazi hii ikiachwa hivi hivi huzaa sifa za kirafiki, kwa hiyo msomaji hupewa maswali machache yasiyokwepeka: Andika kwa sentensi moja unachodhani mwenzako anakidai. Ni wapi ulilazimika kusoma mara mbili? Ni ushahidi upi ungeuhitaji ili ushawishike? Mwandishi akikuta msomaji wake ameandika dai ambalo yeye hakulikusudia, amepata somo ambalo mhadhara hauwezi kumpa. Mtandaoni majibu haya hubaki yameandikwa, na mwalimu anaweza kumpa alama msomaji kwa jinsi alivyosoma.

Kwa kuwa wanafunzi wanaweza kusomana, wapo waliowaza: je, mwalimu anahitajika kweli? Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Duke kilifungua kozi ya bure ya uandishi kwenye jukwaa la Coursera, ikiongozwa na Denise Comer. Waliojiandikisha kutoka pande zote za dunia walizidi 80,000, na insha zao zilisomwa na kupimwa na wanafunzi wenzao. Waliofika mwisho walikuwa sehemu ndogo sana ya walioanza. Haikuwa kazi bure, kwani maelfu walipata wasomaji wasiowajua, lakini matumaini kwamba kozi ya mwaka wa kwanza ingeweza kuendeshwa kwa mkupuo yalipoa. Njia nyingine ni mashine. Tangu 1966 mtafiti Ellis Page alikuwa akitabiri kwamba kompyuta zingesahihisha insha. Mwaka 2014 Les Perelman, aliyefundisha uandishi katika chuo cha MIT kwa miaka mingi, alionyesha pamoja na wanafunzi wachache programu inayozalisha insha zisizo na maana yoyote, zenye maneno mazito yaliyopangwa vizuri, na mashine za kusahihisha zikazipa alama za juu. Mashine ilipima urefu na ugumu wa maneno, kusoma haikusoma.

Basi kinachobaki ni idadi ya wanafunzi kwa kila mwalimu. Chama cha walimu wa uandishi wa vyuo vya Marekani, kinachojulikana kama CCCC na kilichoanza mwaka 1949, kilitoa mwaka 2013 misingi 15 ya kufundisha uandishi mtandaoni. Mmoja unataka darasa lisizidi wanafunzi 20, na ikiwezekana wawe 15. Mwingine unasema kozi ishughulike na uandishi, isigeuke kuwa mafunzo ya kutumia programu. Hesabu ya darasa la watu 20 ni hii: insha nne kwa muhula, kila insha rasimu mbili, dakika 20 kwa kila rasimu. Hizo ni zaidi ya saa 53 za kusoma tu, kabla ya kuandaa somo, kuongoza mjadala au kujibu barua pepe. Ukiweka wanafunzi 300, unapata saa 800. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki vina kozi yao ya stadi za mawasiliano kwa wanafunzi wapya, na mwenye kuifundisha katika ukumbi uliojaa hadi ngazini hahitaji kikokotoo kujua kwa nini wanafunzi wake huandika kidogo na kupimwa kwa maswali ya kuchagua. Kozi hiyo ikihamishiwa mtandaoni bila kupunguza idadi, hali haibadiliki; ukumbi tu ndio unaotoweka.

Machi 2020 uhamisho wa aina hiyo ulifanyika duniani kote kwa siku chache, janga la korona lilipofunga vyuo. Nchini Tanzania vyuo vilifungwa katikati ya mwezi huo na kufunguliwa tena tarehe 1 Juni. Wataalamu walionya mapema kwamba mafunzo yale ya dharura yasichanganywe na kozi iliyobuniwa kuwa ya mtandaoni tangu mwanzo, na onyo lilikuwa la haki. Wengi walihamisha mhadhara wao kwenye Zoom kama ulivyo, na kupata safu ya kamera zilizozimwa. Kipindi cha moja kwa moja hula bando, hudai umeme usiokatika na chumba chenye utulivu. Kwa uandishi, mpango ambao kila mtu husoma na kuandika kwa saa zake, ndani ya wiki yenye tarehe zinazoeleweka, huwafaa watu wengi zaidi, wakiwamo wenye simu tu na wenye kazi za zamu. Huwafaa pia wanafunzi wenye ulemavu, mradi video ziwe na maandishi chini na kurasa zisomeke na programu za wasioona. Kasoro yake ni ukimya. Mwanafunzi anayezama hasikiki akizama, na mwalimu makini humwandikia anayekosekana wiki ya kwanza, asingoje ya nne.

Swali linaloulizwa kuliko yote ni nani ameiandika insha. Si geni, na lina uhusiano wa karibu na Afrika Mashariki. Mwaka 2019 gazeti la The New York Times liliripoti jinsi wahitimu wa Kenya walivyokuwa wakilipwa kuandika insha za wanafunzi wa Marekani, na filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, imewaonyesha waandishi hao. Wengi wao ni watu hodari waliokosa ajira ya kiwango chao. Kinachochekesha, kwa uchungu, ni kwamba baadhi wameandika insha za kozi hii mara nyingi kuliko profesa yeyote. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, kazi hiyo ikapata mshindani wa bei ya chini.

Vyuo vilikimbilia programu za kugundua maandishi ya akili mnemba, na matokeo yake ni mabaya hasa kwa wanaoandika kwa lugha isiyo ya mama. Utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2023 ulizijaribu programu saba kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine, huku zile za wanafunzi wa shule za Marekani zikipita karibu zote. Sababu si ya ajabu: programu hushuku maneno ya kawaida na sentensi zinazotabirika, na anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia hayo kwa sababu ndiyo aliyo nayo. Julai 2023 kampuni ya OpenAI, yenye ChatGPT yenyewe, iliiondoa programu yake ya kugundua kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha.

Wanaofundisha vizuri hutegemea mambo yaleyale yaliyoijenga kozi: rasimu zenye historia, mada zilizofungwa kwenye maandishi ambayo darasa limeyajadili kwa wiki mbili, maelezo mafupi ya mwanafunzi kuhusu alichobadilisha na kwa nini, na mazungumzo. Mwalimu anampigia kila mwanafunzi kwa dakika 15, insha ikiwa mbele ya wote wawili, na kumuuliza kwa nini mfano huu na si ule. Aliyeiandika hujibu, hata kwa kusitasita. Ambaye hakuiandika hupotea kwenye swali la pili. Kwa darasa la watu 20, mazungumzo hayo huchukua saa tano. Kwa darasa la 300 huchukua saa 75, na hapo ndipo vyuo hununua programu ya kugundua.